Mkokoteni wa kuchomelea wa Kinanira, na waya mmoja tuliousahau

Na Mwandishi Maalumu, Bujumbura

UKIAMKIA Kinanira, kabla watoto hawajajaa barabarani kwenda shule, utasikia mlio wa chuma kikigongana na mawe ya barabara. Ni mkokoteni wa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, unaelekea Musaga au Kinindo ilikopatikana kazi ya siku: geti lililong'oka bawaba, dirisha linalotaka nondo, kitanda cha chuma kilichovunjika mguu. Juu ya mkokoteni imefungwa mashine ya kuchomelea yenye uzito wa kilo 60 hivi, na pembeni zinaning'inia nyaya, nyundo ya kugongea maganda, brashi ya waya na kipande cha ubao ambacho wapita njia hukicheka bila kujua kazi yake.

Mkokoteni huo tuliutengeneza wenyewe kwa vyuma chakavu, na tangu uanze kutembea umelisha nyumba mbili. Ndio huo huo uliotaka kumuua mwenyewe. Nimeona niandike habari zake zote, kwa kuwa najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu waliorejea kama sisi, au ni watu wa mpakani wanaobeba bidhaa za aina hii, na wengine wao wanafikiria kufanya kama tulivyofanya.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma shule za Tanzania kwa Kiswahili na nikarudi pamoja na wazazi wangu mwaka 2009, wakati zaidi ya watu 50,000 wa makazi yale ya zamani walipoamua kurejea, na wengine zaidi ya 160,000 wakachagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania. Shemeji ni wa safari nyingine. Yeye aliondoka mwaka 2015, akakaa kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, akarudi baada ya mpango wa kurejea kwa hiari kuanza mwaka 2017.

Mimi nilirudi na cheti cha ualimu, na kwa muda mrefu kilikaa kwenye bahasha kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa cha kubabaisha. Kilichoniokoa ni Kiswahili chenyewe, kilichoingizwa katika masomo ya shule zetu za msingi katikati ya miaka ya 2000. Shemeji yeye alirudi na ufundi aliojifunza kwa fundi mmoja kambini, na ufundi huo haukuhitaji kutafsiriwa. Tanzania tulisema kuchomelea, hapa Kirundi chasema gusudira, lakini mwenye geti bovu anaelewa vyote viwili.

Alichokosa ni mashine. Ilipatikana Buyenzi, mtaa ambao kila Mswahili wa Bujumbura anaujua kwa magereji yake. Ni mashine ya kienyeji, sawa na zile zinazotengenezwa na mafundi wa jua kali wa Nairobi: bati nyembamba za chuma zimepangwa kuwa fremu, upande mmoja umezungushiwa waya wa shaba mwembamba mara nyingi, upande wa pili waya mnene mara chache. Umeme wa nyumbani, volti 220 na ushee, unaingia upande wa kwanza. Upande wa pili unatoka moto wenye volti chache na ampea nyingi, unaoweza kuyeyusha chuma.

Wafanyabiashara wa mpakani najua watauliza kwa nini tusingenunua zile ndogo za Kichina, inveta, ambazo mtu huzibeba begani. Swali lao ni la haki. Inveta nzuri ina kilo tano au nane tu, inakula umeme kidogo, na moto wake umetulia. Lakini ndani yake kuna elektroniki zisizopenda vumbi la chuma wala umeme unaopanda na kushuka, na ikifa, fundi wa mtaani huishia kuitazama. Ile ya shaba ikiungua husukwa upya. Mwenye fedha na umeme wa uhakika anunue inveta. Sisi hatukuwa na kimojawapo.

Tatizo la mashine ya shaba ni kwamba haitembei, na wateja wa kuchomelea hawawezi kung'oa geti walilete kwako. Mwanzoni shemeji alikuwa akikodi bajaji. Mwezi Machi mwaka 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zikazuiwa kuingia katikati ya jiji, kisha uhaba wa mafuta ukaja juu yake, na kupata chombo cha kubeba mzigo kukawa kazi kuliko kuchomelea kwenyewe. Kuna siku alichomelea mlango Musaga, akalipwa, akamlipa aliyembebea mashine kwenda na kurudi, akafika nyumbani na fedha ya muhogo. Dada yake hakusema neno, lakini usiku ule ndipo tulipoanza kuzungumza habari ya mkokoteni.

Vyuma vya fremu vilitoka Gatumba. Wanaovuka kwenda Uvira wanakumbuka jinsi maji ya Rusizi na ya ziwa Tanganyika yalivyozihamisha familia pale mwaka 2020 na miaka iliyofuata. Jamaa yetu mmoja aliachiwa kuta tupu, akatuuzia geti lake kwa bei ya chuma chakavu. Bei siitaji, maana mpaka gazeti hili lifike Kobero itakuwa imekwisha badilika. Geti lilikuwa la vyuma vya pembe, vile ambavyo mafundi wa Tanzania huviita engo, vya milimita 40 kwa 40 na unene wa milimita nne. Chuma cha namna hiyo kina uzito wa kilo mbili na nusu hivi kila mita. Tulitumia mita nane, kwa hiyo fremu peke yake ni kama kilo 20.

Kutu ya maji ilikuwa nyingi, na hapa nawashauri wenye kuokota vyuma: gonga kila kipande kwa nyundo kabla hujalipa. Chuma kizima hulia, kilicholiwa kwa ndani husikika kama kopo lililojaa mchanga. Kisha sugua mpaka uone weupe mahali pote utakapochomelea, kwani moto haushiki kutu wala rangi. Mabomba ya maji yenye kung'aa kwa zinki tuliyaacha kabisa. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomtia mtu homa na kutetemeka usiku kama mgonjwa wa malaria. Mapipa ya mafuta nayo hatukuyagusa, ingawa pipa lililopasuliwa lingetupatia sakafu nzuri. Pipa lililokuwa na petroli linaweza kulipuka hata likiwa limekaa tupu muda mrefu, na mtu aliyekufa kwa pipa tupu hawezi kutoa ushauri kwa wengine.

Sakafu ya mkokoteni ni sentimita 80 kwa 50. Mashine inakaa chini kabisa, katikati ya magurudumu, wala haiko juu kwenye rafu kama inavyoonekana katika picha za karakana za Ulaya. Huko wana sakafu ya saruji na vijigurudumu vidogo vya kuzunguka. Hapa kwetu kuna mteremko kutoka vilimani hadi ziwani, kuna mawe, kuna mifereji, na gurudumu dogo linakwama kwenye ufa wa kwanza. Wakongomani wa Goma walilitambua jambo hili zamani: chukudu zao za mbao zinabeba magunia ya makaa na viazi kwa kuwa mzigo umelala chini na karibu na ardhi.

Magurudumu yalitutesa. Tulipata mawili ya mbele ya pikipiki zilizokufa, rimu nzima, beringi zinazungusha vizuri. Shemeji akachomelea ekseli kwenye fremu, gurudumu moja kila upande, limeshikwa ndani tu na nje liko wazi kama la gari. Lilipendeza macho. Siku ya tatu gurudumu la kulia liliingia mfereji wa Kinindo, ekseli ikapinda kama kijiko, na mashine ikarudi nyumbani kwa mabega ya vijana wanne. Kosa lilikuwa letu. Ekseli ya pikipiki ni nyembamba kwa sababu imekusudiwa kushikwa pande zote mbili na uma. Ukiishika upande mmoja, uzito wote unaipinda pale pale inapoanzia.

Nikachora ubaoni nyumbani, chaki mkononi, tukabishana hadi usiku. Tulichofanya baadaye ni kuongeza chuma kingine nje ya kila gurudumu, ili kila moja likae ndani ya uma wake. Mkokoteni ukawa mpana kwa kiganja kizima na mzito kwa kilo tano, lakini haujapinda tena. Kwanza shemeji alitaka kutumia kipande cha ekseli ya gari badala yake. Fundi mzee wa Buyenzi aliyetuuzia mashine akamkataza: vyuma vya ekseli na springi za gari ni vigumu, vikichomelewa kwa vijiti vya kawaida bila kupashwa moto kwanza, hupasuka pembeni mwa kiungo siku usiyoitegemea.

Kwa mbele kuna mguu wa kuegeshea, na kwa ubavuni tulifunga bati lenye bawaba linalofunguka kama mlango. Hilo ni wazo langu la kiualimu. Mwanga wa kuchomelea huwavuta watoto kama kumbikumbi, na anayeutazama bila kioo hulala na macho yanayouma kana kwamba yametiwa mchanga. Bati likifunguliwa linawaficha watoto cheche. Fundi mwenyewe anavaa kinyago chenye kioo namba 10. Miwani myeusi ya jua, inayovaliwa na mafundi wengi hapa mjini, si kinga.

Tulimaliza kiangazi cha mwaka 2023. Kuanzia hapo shemeji hakukodi chombo tena, na kazi tatu kwa wiki zikawa tano. Dada yake akalipa deni la dukani. Mimi nilikuwa nikitembea Kinanira kama mtu aliyevumbua treni.

Aprili mwaka 2024 mvua zilinyesha bila huruma. Jumamosi moja shemeji alikuwa anachomelea nyumbani kwetu, uani, mlango wa jirani. Mvua ilikuwa imekatika nusu saa hivi, ardhi imelowa, naye amevaa kandambili. Akataka kuusogeza mkokoteni kidogo. Akashika mpini kwa mkono mmoja, na sikusikia kelele yoyote. Nilichoona ni mwili wake umekakamaa na mdomo umefunguka bila sauti, mkono umeng'ang'ania chuma. Nilipiga hatua mbili kumvuta. Sijui ni nini kilichonigeuza. Nadhani ni mwalimu wetu wa sayansi wa Ulyankulu, aliyekuwa akituchapa kwa swali hili. Nikakimbilia ukutani nikachomoa plagi. Akaanguka kama gunia.

Alikaa chini muda mrefu, akitazama kiganja chake chenye alama nyeupe ya kuungua. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Shemeji, usimwambie dada." Dada yake alikuwa amesimama mlangoni.

Fundi mzee wa Buyenzi alikuja jioni ile ile. Aliugeuza mkokoteni ubavu, akafuata waya wa umeme kwa kidole hadi ulipopenya kwenye tundu la bati. Pale ndipo palipokuwa na ugonjwa. Tundu tulilitoboa kwa drili na tukapitisha waya bila kuweka mpira. Miezi tisa ya kutikisika juu ya mawe ilikuwa imeifanya kingo ya bati kuwa msumeno, ganda la waya likakatika, na umeme wa ukutani ukaingia kwenye fremu yote hadi mpini. Kisha akagonga tairi kwa kidole na kuniambia, "Mwalimu, mmeiweka mashine juu ya mpira."

Nilimwelewa papo hapo na nikaona aibu. Mashine ilipokuwa chini ardhini, umeme ukivuja pengine ungepata njia kidogo ya kutoka na kutupa dalili. Juu ya tairi mbili za pikipiki hauna pa kwenda. Unakaa kwenye chuma, kimya, unamsubiri mtu mwenye miguu iliyolowa awe ndiyo njia. Mkokoteni wetu ulifanya kazi miezi yote ile bila waya wa ardhi, kwa kuwa plagi tuliyoikuta kwenye mashine ilikuwa ya miti miwili na nyaya mbili, na hakuna aliyeuliza ule wa tatu uko wapi.

Au tuseme ukweli: tuliuliza, tukajijibu vibaya. Shemeji alinionyesha kile kibano kinachoshika chuma kinachochomelewa, ambacho Tanzania mafundi hukiita athi na hapa wanakiita masi, akaniambia, "Athi si hii hapa?" Nikakubali. Jina limewadanganya wengi. Kibano kile ni njia ya kurudi ya moto wa kuchomelea, kutoka kwenye chuma hadi kwenye mashine, basi. Hakina habari na umeme wa ukutani ukivujia kwenye bodi. Waya wa ardhi wa kumlinda mtu ni mwingine, wenye rangi ya kijani na njano, na unatoka kwenye bodi ya mashine na fremu hadi kwenye plagi na kutoka hapo hadi ardhini.

Matengenezo yalichukua siku mbili. Tulinunua waya wenye nyaya tatu ndani, unene wa milimita mraba mbili na nusu. Ule wa kijani na njano tuliufunga kwenye fremu na kwenye bodi kwa bolti yake peke yake, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma. Kila tundu likavishwa mpira uliokatwa kutoka bomba la kumwagilia, na waya ukabanwa usivutike. Mpini tuliuvisha mpira pia, ingawa fundi alituonya tusiutegemee, maana mpira huchanika. Nyumbani kwetu Kinanira soketi zilikuwa na alama ya waya wa ardhi lakini ndani hapakuwa na kitu. Fundi umeme alipigilia fimbo yenye shaba mita moja na nusu ardhini, karibu na bomba ambako udongo haukauki, akaiunganisha na ubao wa umeme.

Kwa wateja huwezi kupigilia fimbo kila nyumba. Kwa hiyo kwenye mkokoteni kuna kisanduku chenye swichi ambayo maduka ya hapa huiita disjonkta difarensieli, ya miliampea 30. Hiyo hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo, maana yake unavuja kupitia mahali pengine, labda kupitia mtu, nayo inakata upesi kabla moyo haujasimama. Ina kitufe cha majaribio, na shemeji hukibonyeza kila asubuhi kabla ya kula. Ule ubao unaochekwa na wapita njia ndio anaosimamia akifanya kazi. Ardhi ikiwa imelowa, hafanyi. Amepoteza wateja kwa hilo, mmoja wao alimwita mwoga mbele ya watu.

Sasa neno kwa wanaonunua Kigoma, Kabanga au Dar es Salaam na kuuza huku. Ukiinunua mashine iliyotumika, tazama plagi kabla ya kutazama rangi. Ikiwa imekatwa mti wa tatu, jua kuna mtu alifanya hivyo ili iingie kwenye soketi ya zamani, na aliyeifanya hatakuwapo siku ya mvua. Waya mrefu wa kuunganishia usiuzwe ukiwa mwembamba kwa sababu tu ni rahisi kubeba. Mashine hizi zinavuta umeme mwingi, na waya mwembamba, tena ukiachwa umekunjwa, huchemka hadi ganda linayeyuka. Vijiti vya kuchomelea, ambavyo hapa huitwa bageti, vifungwe visipate unyevu, na usinunue pakiti ambayo unga wake umebanduka. Vya namba 6013 ndivyo vinavyoulizwa zaidi. Vya milimita 2.5 hutaka ampea 60 hadi 100, na vya 3.2 hutaka 90 hadi 140, kwa hiyo mteja mwenye mashine dhaifu usimuuzie vinene.

Halafu forodhani. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007. Ni kweli, lakini ni kwa bidhaa zilizo kwenye orodha yao na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Inveta ya Kichina haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kulala usiku mmoja Manyovu. Nimewaona akina mama wakilia kwa hesabu waliyoipiga bila kujua hilo.

Mkokoteni wetu bado una kasoro. Breki hauna, na kutoka Kinanira kuteremka Kinindo ukiwa na zaidi ya kilo 80 inabidi vijana wawili wavute kwa nyuma kama watu wanaomzuia ng'ombe. Tunafikiria kutumia breki ya pikipiki, ile ya ngoma, ila bado hatujapata rimu yake. Tairi la kulia lina viraka vitano.

Shemeji amechukua kijana mmoja wa kumfundisha, naye amerejea na mama yake kutoka Tanzania. Wameanza kumtengenezea mkokoteni wake. Fremu bado ni vipande vilivyolala uani, magurudumu hayajapatikana, lakini juu ya kabati la mke wangu kuna mviringo wa waya wa nyaya tatu, mpya, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yeye ndiye aliyekwenda kuununua.